Gundi ya J-B Weld kwenye mashine ya boti: inashika wapi, haishiki wapi

Haya mabaharia wenzangu, karibuni. Leo mezani ipo J-B Weld, ile gundi ya chuma ya mirija miwili, mweusi na mwekundu. Mnaniuliza kila mara: mashine ikigonga mwamba, gundi hii inasaidia kweli au ni maneno ya dukani?

Mgonjwa wetu huyu hapa, mashine ya Yamaha ya nguvu farasi 40 ya jirani yangu hapa Tanga. Sogeza kamera, bwana. Hili pezi la chini, chini ya propela, limemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na pembeni chumvi imeshatoboa vishimo vishimo. Kwa kazi kama hii gundi inafaa, tena sana.

Ila kabla ya yote, legeza skrubu ya chini ya giaboksi, itoke oili kidogo. Ukiiona nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Hapo angalia sili, ile mipira inayozuia maji yasiingie. Gundi hata upake ndoo nzima, hujafanya kitu. Hii yetu safi, narudisha skrubu na kiringi chake cha washa.

Sasa usafi, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Toa chumvi kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, piga msasa mpaka alumini ing'ae, futa kwa thina. Halafu paka hapohapo, usiende kunywa kahawa kwanza, maana alumini ikipigwa na hewa inajivika utando, na gundi itashika utando badala ya chuma.

Mnaona ninavyochanganya? Sawa kwa sawa, mpaka mistari iishe yote, ibaki rangi moja ya kijivu. Inakaza kwa saa 4 hadi 6, lakini kukomaa ni saa 15 hadi 24. Kwa hiyo ukipaka jioni, alfajiri boti usishushe. Ikikomaa unaichonga kwa tupa kama chuma. Na hii zinki hapa msiipake gundi wala rangi: kazi yake ni kuliwa na chumvi ili mashine isiliwe.

Propela? Hapana. Panga lake moja likimeguka, gundi itaruka. Na hata isiporuka, uzito haulingani, mashine inatetemeka, sili za shafti zinaumia. Vijino vidogo vya ukingoni lainisha kwa tupa, basi. Ufa unaovujisha oili mpelekee fundi wa kuchomelea alumini.

Kasoro yake kubwa kwangu: haitaki unyevu, kwa hiyo ukiharibikiwa katikati ya bahari haikufai. Ni ya nchi kavu. Lakini kwa pezi na vishimo, mimi nainunua tena.

Mkimaliza, angalieni vifuniko: cha mrija mweusi kisiende kwenye mwekundu. Mkivibadilisha, gundi inaganda mdomoni na mirija yote miwili ni ya kutupa.