Gari la umeme la bei nafuu: usubiri uzinduzi au ununue lililopo? Tumepanga magari matano kwa mnunuzi wa Kenya na Tanzania

Bei inayotangazwa siku ya uzinduzi ni ya nchi ya uzinduzi. Volkswagen ilionyesha ID. Every1 Machi 2025 na kuahidi gari la takriban euro 20,000, lakini mauzo ni 2027 na soko lililolengwa ni Ulaya. Kabla ya gari kama hilo kufika Mombasa au Dar es Salaam, ongeza usafiri, ushuru wa forodha, tozo za bandari na VAT (asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania), kisha uone kama bado ni nafuu.

Mpangilio huu umefuata mambo matatu: betri inayostahimili joto, usukani wa kulia, na soketi inayoingiana na chaja za huku. Bei tumeipa nafasi ya nne kwa makusudi. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote, na ikichoka mapema ule unafuu wote umeondoka nayo.

1. BYD Dolphin Surf. Hili linastahili kusubiriwa.
Uchina linaitwa Seagull, nalo limeuzwa huko tangu 2023 likiwa na usukani wa kushoto. Mwaka 2025 lenye usukani wa kulia lilianza kuuzwa Uingereza, na Indonesia kwa jina la Atto 1. Betri ya toleo la Uingereza ni ya aina ya LFP (lithiamu na fosfati ya chuma), ya kWh (uniti za umeme) 30 au 43.2. LFP huvumilia kujazwa hadi asilimia 100 na hudumu mizunguko mingi ya kuchaji kuliko betri za nikeli. Kwa kipimo cha WLTP kinachotumika Ulaya, ile ndogo hufika kilomita 220 kwa chaji moja. Kumbuka kwamba Seagull yenye betri ya ukubwa huohuo hutangazwa Uchina kuwa ni kilomita 305, kwa sababu kipimo cha huko, CLTC, ni chepesi mno. Ukiona namba ya CLTC, toa zaidi ya robo.

Mtego ni Seagull ya Uchina inayouzwa kama "mpya, kilomita sifuri". Usukani uko kushoto, soketi ni ya GB/T (mfumo wa Uchina), menyu ni za Kichina na waranti ya kiwanda haivuki mpaka. Nunua tu kwa muuzaji atakayekuandikia waranti ya betri inayotumika hapa nchini.

2. BYD Dolphin iliyotumika Japani.
Imeuzwa Japani tangu Septemba 2023, kwa hiyo mitumba yake bado ni michache na bei haijashuka sana. Betri ya kWh 44.9 ni LFP na ina mfumo wa kuipoza. Ila Dolphin ya Japani huchaji kwa soketi za CHAdeMO (chaji ya haraka) na Type 1 (chaji ya kawaida), si CCS2 na Type 2 kama zile za Ulaya. Tazama mdomo wa soketi kwenye picha za mnada kabla ya kulipa.

3. Nissan Leaf ya kWh 40.
Ndiyo rahisi kupatikana, na mafundi wameanza kuizoea. Ilitoka Japani Oktoba 2017. Udhaifu wake ni kwamba betri haina mfumo wa kuipoza kwa maji wala gesi. Ukiendesha kasi barabara kuu, ukachaji haraka, ukaendesha tena na kuchaji tena, joto hupanda na gari lenyewe hupunguza kasi ya kuchaji. Kwa mizunguko ya mjini haisumbui. Kwa safari za Nairobi hadi Mombasa, usiinunue.

Ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa usiuchukue kuwa ni kipimo cha betri. Pima hivi:

Kwenye dashibodi, hesabu pau ndogo pembeni mwa geji ya chaji. Zikiwa 12 zote, afya iko juu ya takriban asilimia 85. Ikikosekana moja, imeshuka chini ya hapo, na kila pau inayofuata ni kama asilimia 6 zaidi. Usiishie hapo, kwani kuna wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili pau zirudi 12, nazo huanza kupotea tena baada ya wiki kadhaa za kuendesha.

Chomeka kisomaji cha OBD2 (kifaa kinachosoma kompyuta ya gari) na ufungue programu ya LeafSpy kwenye simu. Soma SOH (asilimia ya afya ya betri), kisha tazama tofauti ya volti kati ya jozi 96 za seli. Fanya hivyo chaji ikiwa karibu asilimia 20, maana seli dhaifu hujificha betri ikiwa imejaa. Jozi moja ikiwa chini ya wenzake kwa milivolti 100 au zaidi, achana na gari hilo. Kwa SOH, sisi hatushuki chini ya 80.

Uliza pia chaja iliyo ndani ya gari: Leaf nyingi za Japani zina ya kW 3, ile ya kW 6 ilikuwa ya kuongezea. Ukiwa na ya kW 3, kujaza kutoka karibu sifuri ni saa kama 14, hata ukifunga boksi kubwa la kuchajia ukutani.

4. Nissan Sakura.
Imeuzwa tangu 2022, ina viti vinne na betri ya kWh 20 yenye kupozwa. Kipimo cha Japani ni kilomita 180. Kwa matumizi ya kila siku panga 120 hadi 130. Inafaa kazini na shuleni tu.

5. Leaf za kWh 24 na 30. Ziache.
Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na Tanzania hulitoza ushuru wa ziada. Zilizokwisha kuingia ziko bei ya chini kwa sababu betri zimechoka.

Lolote utakalochukua, anza na umeme wa nyumbani. Kilomita 50 kwa siku hula takriban kWh 8 hadi 9 kutoka ukutani, yaani saa nne za soketi ya kawaida kwa ampea 10. Kebo ya Japani ni ya volti 100 au 200, hivyo nunua ya volti 220–240. Usitumie ekstensheni. Mwite fundi avute waya wa milimita 4 za mraba moja kwa moja kutoka kwenye ubao wa umeme, wenye sakiti breka yake na kinga ya RCD (hukata umeme unapovuja), na apime waya wa athi, kwa kuwa athi mbovu ndiyo hufanya kebo nyingi kukataa kuchaji. Baada ya saa moja ya kuchaji, gusa plagi: ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, zima na ubadilishe soketi kabla haijayeyuka.