Amboni na Mto Mkulumuzi: kwa miguu au kwa baiskeli?

Mgeni akifika Tanga na kutaka kwenda kwenye mapango ya Amboni, ubishi ni ule ule. Kutoka mjini hadi mapangoni ni kama kilomita 8, ukifuata barabara ya Horohoro. Kwa baiskeli hata saa moja haiishi. Kwa miguu ni karibu saa mbili, na jua la Tanga, mnalijua. Kwenye lami, baiskeli imeshinda.

Ukifika Mto Mkulumuzi, karibu na mapango, mambo yanageuka. Kijia chembamba, mizizi imekatiza, na wakati wa masika tope hujaa kwenye madigadi hadi gurudumu linagoma. Nimeshaibeba yangu begani huku mpita njia akiniuliza, “Sasa nani kampanda mwenzake?” Anayetembea anasimama atakapo, anatazama miamba ya chokaa, anasikiliza maji.

Gharama? Miguu ni bure, labda maji ya kunywa. Baiskeli inataka pampu, viraka na solusheni.

Una nusu siku tu na breki zinashika? Panda. Una watoto, au mvua imenyesha jana? Daladala mpaka njia panda, halafu mtembee.