Nimeuziwa softikopi ya The Sound and the Fury iliyofutwa italiki zote, halafu naambiwa kitabu ndo kigumu

Nyota moja, na ingekuwepo nusu ningeweka nusu. Faulkner, mwandishi wa hii riwaya, simgusi, naongelea duka la mtandaoni lililoniuzia hili faili. Italiki, yaani zile herufi za kulala, zimefutwa zote jamani, kitabu kizima herufi zimesimama wima mwanzo mwisho.

Najua ambaye hajakisoma atasema sasa italiki nazo za kupigia kelele? Kitabu kilitoka 1929, kinahusu ukoo wa Compson, wazungu wa Mississippi waliokuwa na jina, ardhi, babu jenerali, na sasa kila kitu kinawaponyoka. Sehemu ya kwanza msimulizi ni Benjy, mtoto wa mwisho, siku hiyo anatimiza miaka 33 lakini akili yake ni ya mtoto mdogo na kuongea hawezi. Kwake leo na utotoni ni kitu kimoja. Akigusa kitu au akinusa harufu fulani tayari karudi kwa dada yake Caddy miaka mingi nyuma, na hakuna mahali anakwambia hapa nakumbuka. Mara nyingi kinachokushtua kwamba muda umehama ni zile herufi kulala. Ukikisoma mara ya kwanza, huna kingine kikubwa cha kushika.

Mfano upo mwanzoni kabisa. Benjy na Luster, kijana anayemwangalia, wanapenya kwenye fensi palipobomoka, Benjy ananasa kwenye msumari, Luster anamfokea kwani huwezi kupita hapa bila kunasa. Hiyo ni Aprili 1928, Luster anahangaika kutafuta senti 25 alizodondosha ili usiku aende kwenye shoo. Sentensi inayofuata anayemnasua ni Caddy, wanainama wasionekane, ardhi imekauka kwa baridi, nguruwe wanakoroma, Caddy anamwambia weka mikono mfukoni isije ikaganda, hutaki ikugande Krismasi. Kwenye karatasi hapo herufi zinalala na unajua umevushwa. Kwenye faili langu mambo yote yameunganishwa, hata mstari mmoja wa wazi hakuna, kwa hiyo ukisoma unaona Luster na Caddy wote wako pale fensini na Aprili mikono inaganda! Nikarudia, nikarudia tena, nikidhani ni usingizi.

Halafu ukumbuke humo kuna akina Quentin wawili. Mmoja ni kaka yao, alipelekwa Harvard na akajitosa mtoni 1910, mwingine ni binti wa Caddy ambaye 1928 ni msichana wa miaka 17. Ondoa italiki uone kama utajua Quentin gani ameingia mlangoni.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nimeandika kwa heshima kabisa, habari za kazi, nina tatizo na faili, nikaambatanisha skrini shoti ya hilo faili na picha ya ukurasa uleule kwenye kitabu cha karatasi cha rafiki yangu. Kaka mmoja akajibu, "Dada, kitabu hicho kinajulikana dunia nzima ni kigumu." Nikamwambia kaka yangu angalia picha mbili, herufi zimelala huku, huku hazijalala. Akajibu maneno ni yaleyale, hakuna hata neno moja lililopungua. Kisha akamalizia, "Labda tukupendekezee vitabu vyepesi kidogo dada."

Vyepesi! Mimi nimelipa hela yangu, nimeonyesha kosa kwa picha, halafu napimwa akili na mtu ambaye hata kurasa mbili hajafungua. Simu niliiweka mezani nikatoka nje, maana ningejibu kitu cha kujutia.

Na hilo la hakuna neno lililopungua ndo limenichoma kuliko yote. Mwaka huohuo wa 1929 rafiki yake Faulkner, Ben Wasson, alipokuwa anakihariri aliondoa italiki kwenye sehemu ya Benjy akaweka nafasi wazi kati ya nyakati, na Faulkner akakataa, akazirudisha italiki zake na kumwambia asiongeze kitu kingine. Yaani mwenye kitabu aligombana na rafiki yake kwa ajili ya jambo hilihili. Tena alitamani kila kipindi anachorukia Benjy kichapwe kwa wino wa rangi yake, ila uchapaji wa enzi zile haukufika huko, mpaka 2012 Folio Society, wachapishaji wa London, wakatoa toleo la rangi 14 kwa sehemu hiyo. Wenzetu wanaweka rangi 14, mimi nauziwa hata italiki hakuna, na Wasson angalau aliacha nafasi.

Sasa ngoja, nyota moja labda nimekuwa mkali. Sehemu ya Jason, kaka mwingine wa Benjy, kwenye faili hilohilo inasomeka vizuri sana, kwa sababu Jason anaongea moja kwa moja, hasira na ubahili mtupu, mtu anayekula hela ambazo Caddy anamtumia binti yake halafu bado anajiona yeye ndiye mwenye nyumba. Kuna pale ana tiketi mbili za shoo za bure na mwenyewe haendi, Luster anaomba moja, Jason anamwambia nipe senti tano. Luster hana. Jason anaitumbukiza tiketi kwenye jiko, kisha ya pili, huku kijana anatazama na Dilsey, mpishi wao, yupo hapohapo jikoni. Nilimchukia hadi nikalisahau duka. Kwa hiyo nyota mbili. Na sehemu ya mwisho, Jumapili ya Pasaka, Dilsey anaenda kanisani na Benjy, analia, anasema ameona wa kwanza na wa mwisho, hapo nilitaka kupandisha tatu (ingawa inaniuma kwamba mama huyu mweusi anayeishikilia ile nyumba yote hakupewa sehemu ya kusimulia kwa mdomo wake mwenyewe, ndugu wa kiume watatu wote wamepewa).

Lakini hapana. Rafiki yangu aliniazima kile cha karatasi, nikarudia sehemu ya Benjy, na sikujua kumbe nilikuwa nimenyimwa nini. Malisho ya familia yaliuzwa ili Quentin asome Harvard, sasa ni uwanja wa gofu, na Benjy anashika fensi analia kila wachezaji wakimwita mbeba vijiti, kwa Kiingereza "caddie", kwa sababu kwake ni jina la dada yake. Caddy mdogo anapanda mti achungulie dirishani siku ya msiba wa bibi yao, chupi imejaa tope, wadogo zake wako chini wanamwangalia, na Faulkner mwenyewe alisema kitabu kizima kilianzia kwenye picha hiyo. Vyote hivyo vilikuwemo kwenye faili na sikuviona, maneno kweli yalikuwepo yote! Nimelia kwa Benjy, halafu nikakasirika upya, maana kuna watu wamenunua faili lilelile, wakakwama kwenye kurasa za kwanza, wakaamini wao ndo hawana akili ya kusoma vitabu vya maana.

Kitabu nyota tano na zaidi. Duka narudi palepale, moja.

Ukitaka kununua popote, fungua kwanza zile kurasa za kuonjesha, tafuta pale kwenye msumari. Kama Luster akishafoka herufi hazilali, usilipe. Mimi hela yangu hadi leo haijarudi na ile chati ya huduma kwa wateja wameifunga wao wenyewe.