Uzoefu wangu: picha za mazimwi na damu, kwenye diski, sebuleni Keko

Mimi ni fundi sofa hapa Keko, Dar es Salaam. Kutwa nzima mikono yangu ina sponji, gundi na stepla, na usiku nikishaoga naweka picha ya mazimwi. Nazungumzia zile filamu za miaka ya themanini na tisini ambazo damu inaruka kama bomba limepasuka, mtu anakatwa kichwa na kichwa chenyewe kinaendelea kung'ata. Mwaka huu nimepata tatu, diski halisi, si za kuchoma. Nimezirudia kila moja mara kadhaa, kwa hiyo ninachoandika hapa ni cha mtu aliyezitazama hasa.

Hizi picha nilizipenda kwenye banda la video, nikiwa mtoto. Ukuta wa mabati, mabenchi yasiyo na mgongo, tivii moja ndogo mbele, na kanda iliyochezwa hadi sura za watu zikawa kama zina mvua. Baadaye zikaja kanda alizotafsiri Lufufu kwa Kiswahili, na sauti yake ikawa nusu ya utamu. Kule ndiko nilikojua kwamba picha ya kutisha haitazamwi kimya. Watu wanapiga kelele, wanamwonya steringi, halafu zimwi likitokea wote wanacheka kwa pamoja, tena wale waliokuwa wameogopa zaidi ndio wanaocheka zaidi.

Diski ya kwanza ni Evil Dead II, ya Sam Raimi, mwaka 1987. Bruce Campbell anacheza Ash, kijana aliyenasa kwenye nyumba ya mbao msituni pamoja na mapepo. Mkono wake wa kulia unapagawa. Unamvuta nywele, unamvunjia sahani kichwani, mpaka anaukata mwenyewe kwa chensoo, ule msumeno wa mashine. Basi mkono huo baadaye unakimbia sakafuni kama panya! Ila kwanza anaufunika kwa ndoo, anaweka vitabu juu usitoke. Hapo nilisimamisha kwa rimoti nikasogea karibu na tivii: kitabu cha juu ni A Farewell to Arms cha Hemingway, na kwa Kiingereza neno hilo la mwisho ni silaha na pia ni mikono. Huo utani umekaa pale tangu 1987. Kwenye kanda ya bandani lile jalada lingekuwa ukungu mtupu.

Ndiyo maana nasema nunua diski. Nikisimamisha picha naona kazi ya mtu. Naona mahali ngozi ya mpira ilipokutana na shingo, naona rangi iliyopakwa kuficha kiungo, na kwa sababu natengeneza vitu vya sponji najua ni saa ngapi zimelala pale. Zimwi la kompyuta halinipi hilo. Halina uzito, likikanyaga kochi, kochi halibonyei.

Sasa usumbufu, maana upo. Diski ya pili aliniletea mpwa wangu kutoka Marekani, DVD. Duka moja Kariakoo nilikuwa nimenunua deki, muuzaji akaniapia kwamba inacheza kila kitu. Nikaweka diski, ikaizungusha kidogo, ikaandika kwamba eneo si sahihi. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshaalika watu. Ukweli ni kwamba DVD zimegawiwa kwa maeneo: Marekani ni namba 1, Uingereza 2, sisi huku 5. Fundi wa redio mtaani alinifungulia deki kwa kubonyeza namba fulani kwenye rimoti, haikumchukua dakika tano. Ila ukinunua Blu-ray, aina nyingine ya diski, mambo ni rahisi zaidi, kwani Ulaya na Afrika tuko eneo moja, B, na Marekani iko A. Agiza ya Uingereza, utalala usingizi.

Hiyo diski iliyogoma ni Braindead ya Peter Jackson, kutoka New Zealand, mwaka 1992. Marekani wanaiita Dead Alive, na hapo uwe makini, soma nyuma ya kava. Iko waliyoikata ikabaki dakika 85, iko ya dakika 97, na ile kamili ya kwao New Zealand ni dakika 104. Ya dakika 85 usiiguse, wametoa nyama wakakuachia mchuzi.

Kijana Lionel anaishi na mama yake mkali mjini Wellington, mwaka 1957. Mama anang'atwa na mnyama wa ajabu, nusu panya nusu nyani, kwenye bustani ya wanyama, anaanza kuoza akiwa hai na bado anataka kupokea wageni wa heshima. Mezani sikio lake linadondokea kwenye bakuli la kastadi. Analichota kwa kijiko, analitafuna. Shemeji yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, akavuta kanga akafunika uso wote, nikaona jicho moja linachungulia kwenye upindo. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka hadi hawezi kupumua. Akasema, "Shemeji, hebu rudisha nyuma." Tukarudisha mara tatu.

Mwishoni Lionel anabeba mashine ya kukatia nyasi, anaiinua kifuani na kuingia nayo kwenye nyumba iliyojaa mazombi, yaani maiti zinazotembea. Damu inakuwa nyingi kiasi kwamba anateleza, hapigi hatua mbele. Ndipo nilipoelewa kitu nilichokuwa nakihisi tangu bandani: damu kidogo inatisha, damu ikizidi kipimo hofu inakatika yenyewe na kicheko kinaingia. Lakini inataka mtengenezaji anayeipenda kazi yake. Jackson alianza na Bad Taste, picha aliyopiga na marafiki wikiendi kwa miaka kadhaa, vinyago vya viumbe akivioka kwenye oveni ya mama yake. Mtu huyohuyo mwaka 2004 picha yake ikachukua Oscar 11. Kwa sisi tunaofanya kazi za mikono uani kwa mama zetu, habari hiyo ni kubwa.

Ya tatu ni Tremors, 1990, akiwemo Kevin Bacon. Minyoo mikubwa kama daladala inapita chini ya mchanga jangwani na inasikia mtikisiko wa miguu, kwa hiyo watu wanaishia juu ya mapaa na miamba. Damu yake si nyingi. Kama nyumbani kwako hawajazoea, anzia hapa, Braindead iache watoto wakishalala.

Niliiweka Jumapili, watoto wa jirani wakaja. Ilipoisha, wote watano walikuwa juu ya sofa langu la sampuli, miguu wameikunja, hakuna aliyekubali kukanyaga sakafu. Mama yao aliita mara mbili kwa nje. Mwisho akaingia, akawarushia ndala zao pale juu, mmojammoja.