Leseni ya mkarabati wa sanaa Italia: inapima mikono vizuri, lakini mgeni hupotea njiani

Ukitaka kukarabati kazi za sanaa nchini Italia kwa kujitegemea, kusajili biashara si jambo la kwanza. La kwanza ni kama unaruhusiwa kugusa kitu chenyewe, na umesomea kitu gani hasa: turubai, jiwe, karatasi au chuma. Hapa tunautathmini mfumo huo kama huduma: unamtaka nini mwombaji, unampa nini, na unamwacha wapi. Maoni yetu kwa ufupi ni kwamba mafunzo na mtihani ni vya kiwango cha juu sana, utaratibu wa vibali kwa kila kazi ni wa haki ingawa unachosha, na maelezo kwa mtu anayetoka nje ya Italia ni duni kiasi kwamba wengi humaliza pesa zao kabla hawajajua walipaswa kuanzia wapi.

Msingi wa yote ni sheria ya mali za utamaduni, Decreto Legislativo namba 42 ya tarehe 22 Januari 2004. Kifungu cha 29 kinasema kwamba kutunza na kukarabati vitu vya utamaduni vinavyohamishika, pamoja na sehemu zilizopambwa za majengo, ni kazi ya wenye sifa ya restauratore di beni culturali, yaani mkarabati wa mali za utamaduni, tu. Kwa hiyo mpaka uko wazi. Picha ya kanisani, sanamu ya makumbusho na mchoro wa mtu binafsi uliotangazwa rasmi kuwa na umuhimu vyote viko ndani ya sheria. Kazi ya msanii aliye hai, au ambayo haijatimiza miaka 70, kwa kawaida haimo. Mchoro wa familia ambao haujatangazwa unaweza kutengenezwa na fundi yeyote, ila fundi huyo hana haki ya kujiita restauratore. Ukisoma matangazo ya kazi bila kujua mpaka huu, utadhani kila fremu iliyopasuka inahitaji leseni, au utadhani hakuna inayohitaji. Yote mawili si kweli.

Kinachotufanya tuusifu mfumo huu ni kwamba hautoi sifa ya jumla. Kanuni namba 86 na 87 za tarehe 26 Mei 2009 ziliigawa taaluma katika njia sita. Ya kwanza ni mawe na vitu vya jamii yake, pamoja na kuta na dari zilizopambwa. Ya pili ni michoro juu ya mbao na turubai, sanamu za mbao, samani na kazi za plastiki na vitu vingine vya viwandani. Ya tatu ni nguo na ngozi. Ya nne ni kauri, kioo, vitu vya asili kama pembe na mfupa, na metali. Ya tano ni vitabu, nyaraka, karatasi, picha za kamera na filamu. Ya sita ni ala za muziki na vifaa vya kisayansi. Aliyehitimu njia ya pili hawezi kutia saini kazi ya kukarabati hati za kale, hata awe hodari namna gani. Ukali huo una sababu. Karatasi hupumua maji na kujikunja kwa dakika chache. Wino wenye chuma huila polepole kutoka ndani. Maarifa ya turubai hayamsaidii mtu hapo. Sehemu ya uharibifu unaoonekana katika vitu vya kale ilifanywa na watu stadi waliofanya kazi nje ya kitu walichokijua.

Mafunzo ni ya miaka mitano, yenye krediti 300 za chuo kikuu, na angalau nusu ya masomo hufanyika karakanani na kwenye maeneo ya kazi, kwa sehemu kubwa juu ya vitu halisi vya urithi. Si mifano ya plasta. Shule zinazojulikana zaidi ni Istituto Centrale per il Restauro ya Roma, iliyoanzishwa mwaka 1939 na ambayo mkuu wake wa kwanza alikuwa Cesare Brandi, na Opificio delle Pietre Dure ya Florence, ambayo chimbuko lake ni karakana ya Ferdinando I de' Medici ya mwaka 1588. Vipo pia vyuo vikuu na vyuo vya sanaa vilivyoidhinishwa. Sisitizo liwe hapo: idhini hutolewa kwa njia, si kwa chuo kizima. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya njia ya kwanza na kisiwe na ya tano. Kabla ya kulipa ada, omba uonyeshwe idhini ya njia unayoitaka.

Mtihani wa kuingia ndio unaowachuja wengi. Kwa kawaida una jaribio la kuchora, jaribio la rangi na mahojiano. Katika kuchora unapewa picha ya kitu, labda kipande cha sanamu, unakinakili kwa mistari safi na vipimo sahihi. Katika rangi unatakiwa kuzipata upya toni ulizowekewa, kwa rangi za maji. Wachoraji wazuri huangushwa hapa mara nyingi, kwa sababu wanatia mkono wao: wanakoleza kivuli, wanapamba mstari, wanapendezesha. Mtahini anatafuta mtu anayeweza kujizuia. Jiandae kwa kunakili picha za sanamu kwa penseli ngumu, na kwa kuchanganya rangi za kijivu na kahawia zinazokaribiana mpaka jicho lianze kuona tofauti ndogo.

Mtihani wa mwisho una uzito wa mtihani wa taifa, na wajumbe wa wizara ya utamaduni hukaa kwenye jopo. Sehemu moja ni kazi ya mikono, nyingine ni kutetea tasnifu. Ukifaulu, ndiyo leseni yenyewe. Hakuna mtihani mwingine baadaye. Jina lako huingia kwenye orodha ya wizara, ambayo iko wazi kwa umma na inaonyesha fani zako. Kwa mteja hiyo ni faida kubwa, maana hahitaji kuamini maneno ya mtu. Wale waliokuwa kazini kabla ya mfumo huu walipimwa kwa pointi za masomo na uzoefu, kima cha chini kikiwa 300, na orodha yao ilitangazwa Desemba 2018. Dirisha hilo limefungwa. Anayekwambia bado utaingia kwa uzoefu wa karakana peke yake hakwambii kweli.

Sasa upungufu. Florence na Roma zimejaa kozi fupi za ukarabati, za wiki tatu, miezi sita, mwaka. Baadhi zinafundisha vizuri. Lakini cheti chake hakikupi haki ya kutia saini kazi yoyote iliyo chini ya sheria, na matangazo mengi hayalisemi hilo. Ipo pia kozi ya miaka mitatu ya fundi wa ukarabati, ambayo ni halali kabisa, ila fundi huyo hufanya kazi chini ya usimamizi wa restauratore. Kwa anayetaka kujitegemea, haitoshi.

Mkanganyiko mwingine unawahusu zaidi wasomaji wa Afrika Mashariki. ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi ambalo limefundisha wafanyakazi wengi wa makumbusho za Afrika, na ambalo mpango wake ulizaa kituo cha mafunzo cha Mombasa, lina makao yake San Michele, Roma, katika majengo yaleyale iliko Istituto Centrale. Kozi zake ni za kumwendeleza mtaalamu, na ni nzuri. Hazikufanyi restauratore kwa sheria ya Italia.

Mwenye shahada kutoka nje anaomba utambuzi kwa wizara ya utamaduni. Kwa raia wa Umoja wa Ulaya njia ni Maelekezo ya 2005/36. Kwa wengine kuna utaratibu wake chini ya sheria ya wageni. Faili liwe na shahada iliyohalalishwa na kutafsiriwa, orodha ya masomo yenye saa zake, na uthibitisho wa kazi ulizofanya kwa kila aina ya kitu. Hili la mwisho ndilo hukosekana. Nakala inayosema tu "uhifadhi, saa 120" haimwambii mpimaji kama ulishika turubai au chungu, naye atalinganisha na njia sita. Matokeo ya kawaida si kukataliwa bali kuamriwa mtihani wa ziada au kipindi cha kufanya kazi chini ya uangalizi. Ombeni chuo chenu kiandike maelezo ya kila somo, kwa vitu vilivyotumika, mapema kabla mwalimu aliyewafundisha hajastaafu.

Leseni mkononi, bado kila kitu kina kibali chake. Kifungu cha 21 cha sheria ileile ya 2004 kinataka idhini ya Soprintendenza, ofisi ya wizara inayolinda mali za utamaduni katika eneo husika, kabla ya kazi kuanza, na kifungu cha 169 kinaweka kifungo cha miezi sita hadi mwaka mmoja, pamoja na faini, kwa anayefanya bila idhini. Ombi huambatana na maelezo ya kitaalamu: kitu kimetengenezwaje, hali yake, sababu za uharibifu, hatua zinazopendekezwa, na picha, zikiwemo za mwanga wa ubavuni na wa urujuanimno. Maombi hurudishwa kwa sababu ya maneno mapana. "Kusafisha kwa kiyeyushi kinachofaa" si pendekezo. Pendekezo ni kusema utaanza na majaribio ya mraba wa sentimita moja hivi mahali pasipoonekana sana, kwa kiyeyushi dhaifu kwanza, ukiandika mchanganyiko, muda na rangi iliyotoka kwenye pamba. Vanishi ya zamani na tabaka jembamba la rangi la mchoraji mara nyingi huyeyuka kwa vitu vinavyokaribiana, na asetoni iliyozidi muda huvimbisha rangi yenyewe. Hivyohivyo kwa kugandisha rangi inayobanduka: taja gundi, mfano Paraloid B-72, kiwango chake na kiyeyushi. Kwa kujaza mapengo, sema kama utatumia tratteggio, mistari myembamba ya wima inayoungana kwa mbali na kuonekana kwa karibu, ili atakayekuja baadaye ajue kipi ni cha kale. Mwishoni utawasilisha ripoti ya kazi yote. Tunaona utaratibu huu ni wa haki kwa kitu na kwa mkarabati, kwa sababu mteja akidai baadaye kwamba umeharibu, ripoti ndiyo ngao yako.

Kwenye kazi za umma, anayefanya peke yake hukutana na dari ya euro 150,000. Juu ya kiasi hicho unahitaji cheti cha SOA, yaani uthibitisho wa sifa za kuchukua kandarasi za umma, kundi OS2-A kwa kuta zilizopambwa na vitu vya sanaa, OS2-B kwa vitabu na nyaraka. Mtu mmoja mmoja kwa kawaida hukaa chini ya kiasi hicho au huungana na kampuni. Kodi ni nyepesi kuliko watu wanavyoogopa: namba ya mlipakodi anayejitegemea, partita IVA, na ukiwa chini ya euro 85,000 kwa mwaka kuna mfumo wa kiwango kimoja cha asilimia 15, au 5 kwa miaka mitano ya mwanzo ukitimiza masharti. Bima ya vitu vya wateja vikiwa karakanani kwako na njiani usiiache.

Ukilinganisha, Uingereza haina sheria inayomzuia mtu kujiita mkarabati. Ipo sifa ya hiari ya ACR (mkarabati aliyeidhinishwa) chini ya Icon, taasisi ya wakarabati ya nchi hiyo, ambapo wapimaji huja kukagua kazi zako. Marekani wanachama wa AIC, chama cha wakarabati cha huko, walipiga kura mwaka 2009 kukataa mfumo wa cheti, na wateja hutegemea ngazi za uanachama zinazopitiwa na wenzao. Mwenye uzoefu mkubwa na shahada ya nje atapata nafasi kwa urahisi zaidi Uingereza kuliko Italia. Kwa kijana anayeanza, na aliye tayari kujifunza Kiitaliano vizuri kabla ya kufanya mtihani, tungesema Italia.

Kwa anayetaka kurudi pwani na ujuzi huo, uchaguzi wa njia ufanywe mapema, maana kubadili katikati ni kama kuanza upya. Milango ya nakshi ya Lamu na Unguja inaangukia njia ya pili. Kuta za mawe ya matumbawe na plasta ya chokaa ni za njia ya kwanza. Misahafu na hati za Kiarabu na Kiswahili zilizoandikwa kwa mkono, ambazo unyevu na mchwa wanazimaliza majumbani, ni za njia ya tano.