Kuagiza chakula kwa simu ugenini: uzoefu wangu

Mwezi wangu wa kwanza ugenini nililala njaa, na chakula nilichokilipia kilifika hadi getini. Mleta chakula alinipigia, akaongea haraka kwa lugha ambayo ndiyo kwanza nilikuwa naanza kujifunza. Nikajibu "ndiyo, ndiyo" bila kujua nakubali nini. Nilipoteremka hakuwepo. Kwenye programu ya simu niliyoagizia iliandikwa oda imekabidhiwa, na pesa sikurudishiwa.

Tatizo, nilikuja kugundua, lilikuwa anuani. Alama ya ramani ilikaa katikati ya jengo, wakati mlango wetu uko mtaa wa nyuma. Siku hizi naisogeza mwenyewe mpaka mlangoni, kisha nabandika maelezo ambayo jirani aliniandikia kwa lugha ya hapa: ghorofa, jina lililo kwenye kengele, na ombi kwamba mleta chakula anitumie ujumbe badala ya kupiga. Ujumbe naweza kuutafsiri kwa simu, nikajibu kwa utulivu. Kwa mgeni, mistari hiyo mitatu ina thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Bei ndiyo inayoniuma. Mgahawa mmoja niliozoea kuuagizia, siku nilipoupitia kwa miguu nikakuta chakula kilekile ni nafuu kuliko kwenye simu. Programu hukata kamisheni kwa wenye migahawa, na wengi huifidia kwa kupandisha bei. Juu yake kuna ada ya kupeleka, ada ya huduma, na ukiagiza kidogo, ada nyingine tena. Mvua ikinyesha jioni, ada ya kupeleka huweza kupanda. Kwa hiyo kilicho karibu nakifuata mwenyewe.

Vya kukaanga nimeacha kuagiza. Mvuke ukifungiwa ndani ya boksi hulainisha kila kitu, hasa mleta chakula akiwa amebeba oda mbili na yangu ndiyo ya pili. Vya mchuzi husafiri vizuri, mradi kifuniko kimebana. Kikifika kimemwagika au kimepungua, napiga picha kabla ya kugusa na kulalamika saa hiyohiyo ndani ya programu. Nimerudishiwa pesa mara mbili kwa njia hiyo.

Wanaoleta nawaheshimu sana. Wengi hulipwa kwa safari, kwa hiyo dakika kumi za kumtafuta mtu asiyeeleweka zinawagharimu wao. Baadhi ni wageni kama mimi. Nikiona kwenye ramani anakata kona ya mwisho, nateremka na bahashishi mkononi. Wiki iliyopita mmoja alinikuta nimesimama mlangoni kwenye baridi, akaniuliza polepole, neno moja moja, kama ni mimi. Nikamjibu kwa sentensi nzima, akanielewa.

Nitaendelea kuitumia programu hiyo, lakini kwa siku ninazochelewa kazini tu.