Bakapu ya baiti 20

Niseme ukweli, bei ya hawa jamaa wanaotufanyia bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, inavumilika na simu wanapokea. Ila niliyoyakuta siku seva yetu ilipokufa hayasemeki.

Sisi tunauza jumla Kariakoo. Mauzo, stoo, madeni ya wateja, vyote viko kwenye databesi moja ya MySQL, programu ya kutunza data. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, diski ikaungua. Sikuhangaika, maana kila usiku walikuwa wananitumia ujumbe: "Bakapu imekamilika." Nikaomba wanirudishie ya jana.

Fundi akafungua folda mbele yangu. Faili lipo, tarehe ipo, ukubwa baiti 20, yaani ndani hamna kitu. La juzi, 20. Yote 20, wiki kwa wiki!

Walibadilisha nywila ya akaunti yao, kwenye skripti, yale maagizo yanayoendesha bakapu usiku, wakaiacha ya zamani. Kila usiku mysqldump, programu ya kutoa nakala ya databesi, inagoma; gzip, ile ya kubana faili, inabana hewa, halafu inatoa taarifa kwamba kazi imekwisha, na mfumo wao unaisikiliza gzip peke yake. Kuweka pipefail tu, mpangilio unaohesabu kazi nzima imefeli hatua yoyote ikifeli, kungewashtua. Hata kutazama ukubwa wa faili jamani!

Hapo bado ningesamehe. Hata GitLab, kampuni ya mtandaoni ya kuhifadhia kodi za programu, mwaka 2017 bakapu zao zilikuwa zikifeli kimyakimya kwa sababu pg_dump, programu yao ya kutoa nakala, ilikuwa ya toleo tofauti na databesi yao, lakini walitoka hadharani wakaeleza kila kitu. Huyu meneja, ofisini kwao Kijitonyama, hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Dada, mkataba unasema kuhifadhi. Kurudisha ni huduma nyingine." Nikamuuliza, kaka, mmehifadhi nini wakati faili ni tupu? Akasema niandike barua.

Kwa hiyo ukitafuta watu wa bakapu, habari za data inakaa wapi ziache kwanza. Waambie warudishe databesi yako kwenye mashine tupu, wewe umesimama hapohapo, ufungue ankara ya mteja unayemjua. Wakisitasita, ondoka.

Yule fundi kijana namtoa kwenye lawama. Alikaa nasi mpaka usiku, akachukua nakala ya kufunga mwezi tuliyokuwa nayo kwenye flashi, akairudishia miamala kutoka kwenye binlogi, kumbukumbu za kila badiliko la databesi, zilizokuwa diski nyingine. Za siku za mwisho hazikusomeka, na madeni ya siku hizo tunayafuatilia kwa daftari, mteja mmoja mmoja.

Kwa ajili yake nilitaka kuwapa nyota tatu. Lakini naandika hapa ankara yao ya mwezi imeingia, na ndani wametutoza "huduma ya kurudisha data". Nyota moja, na hiyo ni ya fundi.